Miezi Mitatu Ndani ya Karatasi

Kitabu cha shule chasema giza lilikaa Ulaya miaka elfu,
kisha, ukurasa wa hamsini na saba, kukacha.
Aya mbili. Picha moja ya kuba.
Nikaandika ubaoni MWAMKO,
chaki ikakatika kwenye K.

Komora wa dirishani akanyosha mkono:
"Mwalimu, siku ile ya kwanza,
nani aliwaambia kuwa kumekucha?"
Darasa likacheka. Jibu sikuwa nalo.
Kengele ikaniokoa.

Nyumbani Mkomani, kidaka cha tatu kutoka kushoto,
kile mama alichotukataza,
nikashusha sanduku la babu yake babu.
Mchwa walikuwa wameshasoma nusu.
Nikainua karatasi moja kwenye mwanga:
ndani, nyuma ya wino, miezi mitatu miandamo,
mkubwa, wa kati, mdogo,
alama ya kinu cha Venisi.

Matambara ya watu nisiowajua,
shuka za wagonjwa, fulana za wapagazi,
yalilowekwa, yakapondwa, yakawa weupe
wa kuandikia dua Lamu.
Na kuponda huko wao nao walifunzwa
na watu waandikao kutoka kulia.
Basi nani alimwamsha nani?

Mwisho wa dua, kwa wino mwekundu:

*Mwandishi si wa kutaya,*
*ni mja mwenye hatiya,*
*wino na kalamu piya*
*ni mali ya Mola wake.*

Namfikiria mwenzake kule, mtawa asiye na jina,
vidole vimekufa ganzi,
pembeni mwa zaburi kaandika: leo baridi.
Hilo tu ndilo lake. Mengine yote ya Mungu.
Ukuta wa pili, mtu ana shinikizo la zabibu,
kama kinu chetu cha ufuta bila ngamia,
na halikamui zabibu tena, lakamua maneno.
Kitabu kilichomla mtawa misimu miwili
chatoka mia kabla Kwaresima kwisha.
Sijui kama alilia.
Pengine alikwenda kuuliza kama kuna kazi.

Kwetu shinikizo lilifika ndani ya sanduku la mbao,
kwa meli ya Bombay, vitabu vimefungwa kamba.
Shekuwe alinunua kimoja, rupia nzima,
mkewe hakusema naye siku tatu.
Ukurasa wa nne akasimama:
nukta ya kha imedondoka,
*habari* imegeuka *wino*.
Akaazima cha jirani. Kosa lile lile.
Cha kadhi. Lile lile.
Maisha yake yote alijua makosa ya mtu aliyesinzia,
kila mtu na usingizi wake.
Hili halikusinzia. Lilikosea likiwa macho, mara mia.

Akachukua kalamu ya mwanzi,
akabisha hodi Mkomani hadi Langoni,
akiomba vitabu vya watu barazani,
akirudisha nukta.
Wengine walimpa kahawa. Wengine walimwona kapotoka.

Baada ya hapo aliandika dua moja tu,
na mwisho wake si ule wa zamani:

*Ni mimi wa Mwana Tima,*
*Shekuwe, mato yauma*
*kwa taa mbovu na homa,*
*na kuandika sikomi.*

Nimeusoma mara ngapi sijui.
*Ni mimi.* Kana kwamba kuna aliyembishia.

Asubuhi nikaipeleka darasani ndani ya kanga,
nikampa Komora, akaishika kioo cha dirisha.
Wote wakamzonga, punda akalia nje, hakuna aliyegeuka.
Nikauliza: inakua, au inapungua?
Akaigeuza. Akaigeuza tena.
"Mwalimu," akasema,
"ni wewe umesimama upande gani."

Nikafuta ubao. *Miaka elfu* ikafutika,
K ile iliyokatika ikakataa.